Intaneti ya waya wa simu: msisahau vichujio

Ndugu zangu mnaofunga intaneti ya laini ya simu ya mezani nyumbani, iwe hapa Mbeya au kule Iringa, angalieni vichujio. Sauti na data hupita kwenye waya uleule: sauti kwenye masafa ya chini ya kilohezi 4 (kilohezi ni kipimo cha masafa), data juu ya kilohezi 25. Kwa hiyo kila simu ya mezani, hata ile ya chumbani kwa bibi, ipitie kichujio, kile kiboksi kidogo cha plastiki kinachotenganisha sauti na data. Modemu yenyewe haikihitaji. Mimi niliacha simu moja tu bila kichujio, na kila ilipolia intaneti ilikatika. Wiki nzima nilidhani modemu ni mbovu.

Kabla ya kulipia, muulize fundi urefu wa waya hadi kituo cha simu. Ukifika kilomita 5 hivi, kasi hushuka sana.

Halafu radi! Kwetu mvua za Novemba hadi Aprili huja nazo kali. Wingu likitanda Mlima Loleza, chomoa waya wa umeme na wa simu pia. Wengi huchomoa wa umeme tu, kumbe radi hupitia ule wa simu na kuiunguza modemu.