Jinsi ya kufuatilia miswada ya bunduki Washington State kabla haijawa sheria

Tarehe 25 Aprili 2023 gavana Jay Inslee alisaini mswada unaoitwa HB 1240 na kuanzia pale pale, yaani bila kusubiri hata wiki moja, maduka ya jimbo la Washington yakawa hayaruhusiwi tena kumuuzia raia wa kawaida AR-15 na bunduki nyingine zaidi ya 50 zilizotajwa kwa majina. Magrupu ya WhatsApp ya watu wetu wa Kent, Tukwila na Tacoma yakajaa swali moja, hii imepita lini? Jamani ilikuwa mezani tangu Januari. Baraza la Wawakilishi walipiga kura tarehe 8 Machi, Seneti wakapiga tarehe 8 Aprili, ikarudi kwa Wawakilishi kwa sababu Seneti waliibadilisha, wakaikubali tarehe 19, na kila hatua hapo iliandikwa kwenye mtandao wa bunge kwa yeyote mwenye simu na bando.

Mimi naamini haki ya kumiliki silaha ni haki ya mtu binafsi, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema hivyo kwenye kesi ya Heller mwaka 2008, ikairudia kwenye kesi ya McDonald mwaka 2010, na kesi hiyo ya pili aliyekuwa mbele alikuwa Otis McDonald, mzee mweusi wa Chicago aliyetaka bastola ya kujilinda nyumbani kwake kwenye mtaa uliojaa wahalifu. Lakini haki hiyo inakatwa kipande kipande kule Olympia, makao makuu ya jimbo, kwenye vyumba vya kamati, siku za kazi, saa ambazo wewe uko job. Ndo maana nimeandika huu mwongozo, namna ninavyofuatilia mimi mwenyewe kila kikao. Nitatumia Washington maana ndo ninaishi na ninaijua, walioko majimbo mengine nitawagusia chini. Ukiwa na kesi yako binafsi tafuta wakili, hapa tunaongelea kufuatilia miswada tu.

Hatua ya 1: Jua kalenda

Bunge la Washington halikai mwaka mzima. Linaanza Jumatatu ya pili ya Januari, mwaka wa witiri linakaa siku 105, mwaka wa shufwa siku 60. Basi. Sasa fikiria siku 60 ndani yake mswada usomwe, upite kamati, upigiwe kura nyumba ya kwanza (nyumba ni Wawakilishi au Seneti), uende nyumba ya pili urudie mzunguko wote, kwa hiyo mambo yanakwenda mbio sana na ukikaa wiki mbili bila kuangalia unakuta umepitwa.

Kabla ya hapo kuna Desemba. Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Desemba wabunge wanaruhusiwa kuwasilisha miswada mapema, na mingi ya bunduki huwa inatokea hapo hapo wakati watu wanawaza Krismasi na tiketi za kwenda nyumbani. Weka alamu kwenye simu.

Kitu kingine, miswada iliyokufa mwaka wa witiri haijafa kabisa, inaweza kufufuliwa mwaka unaofuata bila kuanza upya maana bunge linahesabu miaka miwili miwili. Ukisikia mtu anasema ule mswada umeshakufa muulize umekufa mwaka gani.

Hatua ya 2: Tafuta miswada yenyewe, usisubiri mtu akutumie

Sheria za bunduki za Washington karibu zote ziko sura ya 9.41 ya RCW, RCW ndo kitabu cha sheria zote za jimbo. Nenda leg.wa.gov, kuna sehemu ya kutafuta miswada kwa kifungu cha sheria inachokigusa, fungua hapo uangalie yote inayogusa 9.41. Hii ni bora kuliko kutafuta neno "firearm" peke yake kwa sababu unapata hata ile miswada yenye kichwa kilichopoa poa kama usalama wa jamii, lakini ndani inabadilisha maana ya neno moja kwenye 9.41.010, kifungu cha maana za maneno, na neno hilo likabeba kila kitu.

Ila usiishie 9.41. Kodi haikai huko. California kwa mfano tangu tarehe 1 Julai 2024 wanatoza kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki na risasi, na mswada wa namna hiyo ukija kwenu utapita kamati ya fedha, sio kamati ya sheria, kwa hiyo tafuta pia kwa maneno ya kawaida, ammunition, firearm, dealer.

Namba zinasomeka hivi: HB ni ya Baraza la Wawakilishi na inaanzia 1000, SB ni ya Seneti na inaanzia 5000. Mara nyingi mswada mmoja una pacha upande wa pili, maneno yale yale namba tofauti, ukimfuatilia mmoja ukamwacha mwenzake utashangaa. Ukiona herufi zimeongezeka mbele, SHB au ESHB, maana yake maandishi yameshabadilishwa na ile PDF uliyosoma mwezi jana haifai tena, pakua mpya.

Hatua ya 3: Soma mswada, hapa usiwe na haraka

Watu wengi wanasoma kichwa na muhtasari wanakimbia. Mimi nasema soma maandishi yenyewe, na kuna njia rahisi. Miswada ya Washington ina alama: maneno yanayofutwa yanawekwa ndani ya mabano mawili mawili na kupigwa mstari katikati, maneno mapya yanapigwa mstari chini, na sehemu mpya kabisa inaandikwa NEW SECTION. Kwa hiyo hata kama mswada una kurasa 30 wewe tafuta mistari hiyo tu kwanza, unaweza kumaliza ndani ya nusu saa na chai yako haijapoa.

Baada ya hapo rudi kwenye maana za maneno. Chukua HB 1240 tena. Watu walikuwa wanabishana kuhusu orodha ya majina wakati kazi kubwa ilikuwa chini yake: bunduki ndefu ya semi-otomatiki (inajipakia yenyewe kila ukifyatua) ya risasi za centerfire, yaani zinazogongwa katikati ya kitako chake, inayochomolewa magazini (kasha la risasi), ikiwa na kitu kimoja tu kati ya vilivyotajwa, mfano kitako cha kukunja au mtutu wenye nyuzi mbele za kufungia kifaa, tayari imeingia. Kimoja tu! Na hata bila hivyo, bunduki ndefu ya semi-otomatiki yenye urefu chini ya inchi 30 nayo imeingia. Mtu aliyesoma orodha akakuta ya kwake haimo akalala usingizi, hakuelewa kilichopitishwa. Upande mwingine pia, kuna waliotangaza kwamba polisi watapita nyumba kwa nyumba, wakati sheria ile ilizuia kutengeneza, kuingiza na kuuza, haikuzuia kukaa na ile uliyokuwa nayo tayari. Tukitangaza uongo tunajiharibia wenyewe, wabunge wanasoma hizo imeili na wakiona mtu hajasoma mswada wanaweka pembeni.

Vitu ninavyotafuta kila mara: nani anaguswa, muuzaji au mwenye nayo nyumbani. Adhabu yake ni ndogo au ya kufungwa. Waliokuwa nazo tayari wanasalimika au la. Na ukurasa wa mwisho kabisa, kama kuna kile kifungu cha dharura. Kawaida sheria ya Washington inaanza kazi siku 90 baada ya kikao kufungwa, zile nyingi za 2023 zilianza tarehe 23 Julai, ila 1240 ilikuwa na kifungu cha dharura ndo maana ilianza siku ya kusainiwa, na kifungu hicho kinafunga pia mlango wa wananchi kukusanya saini ili ipelekwe kwenye kura. Mistari miwili ya mwisho, lakini ndo inaamua una miezi au una saa.

Hatua ya 4: Jiwekee alerti na spredishiti

Kwenye ukurasa wa kila mswada kuna sehemu ya kuomba taarifa kwa imeili, weka. Halafu fungua akaunti ya bure LegiScan, wao wanakusanya miswada ya majimbo yote 50, inasaidia kama una ndugu Texas au Ohio na unataka kuwaangalizia. Mashirika ya kutetea haki ya silaha nayo yanatuma alerti, NRA-ILA, Gun Owners of America, na hapa kwetu Bellevue kuna Second Amendment Foundation iliyoanzishwa 1974. Jiandikishe, ila kumbuka wale wanachangisha pesa pia na kila imeili yao ni ya moto, wewe ukipata alerti nenda kwenye mswada wenyewe uone uko hatua gani.

Spredishiti yangu ina safu chache tu: namba, pacha wake, kamati iliyopo, tarehe ya kusikilizwa, kifungu kinachonihusu, nimeshajiandikisha au bado. Naifungua kila Alhamisi jioni maana ratiba ya wiki inayofuata inakuwa imeshaanza kuonekana.

Kuna dedilaini tatu za kuandika kwa rangi nyekundu: siku ya mwisho ya kutoka kamati ya kwanza, siku ya mwisho ya kutoka kamati ya fedha, na siku ya mwisho ya kutoka nyumba iliyozaliwa. Tarehe zinabadilika kila mwaka, bunge wanazitangaza. Mswada ukikwama hapo kwa kawaida umeishia hapo kwa mwaka huo, isipokuwa wakiuhesabu kuwa unahitajika kwenye bajeti, kwa hiyo wiki ya dedilaini ndo wiki ya kuangalia kila siku.

Hatua ya 5: Jiandikishe kwenye usikilizwaji

Hii ndo hatua watu wetu wanaikosa kuliko zote na ndo rahisi kuliko zote. Miswada ya bunduki kawaida inaenda kamati ya Civil Rights & Judiciary upande wa Wawakilishi na Law & Justice upande wa Seneti. Ukiona kwenye ratiba imeandikwa "public hearing" hiyo ni siku ya kusikiliza wananchi. Ukiona "executive session" hiyo ni ya wao kupiga kura, hapo hausemi kitu, unaangalia tu kupitia TVW, chaneli inayoonyesha vikao vya bunge.

Unaingia kwenye ukurasa wa kamati, unachagua mswada, unachagua PRO, CON au OTHER. Kama unapinga ni CON, na soma vizuri kwa sababu kuna miswada yetu pia, ya kutetea haki, ambayo hiyo tunaiwekea PRO na watu wanaisahau kabisa. Una njia tatu: kuongea mwenyewe, ukiwa Olympia au kwa Zoom, kuandika maoni, au kuweka msimamo wako tu kwenye kumbukumbu. Kuongea na kuweka msimamo lazima ujiandikishe si chini ya saa moja kabla ya kikao kuanza. Ikipita saa hiyo mfumo umefunga, hata ulie. Maoni ya maandishi una mpaka saa 24 baada ya kikao kuanza.

Hauhitaji kuwa raia wa Marekani kufanya hivi. Mwenye green card sheria ya shirikisho inamruhusu kumiliki bunduki kama hana kizuizi kingine, wenye visa za muda kwa kawaida hawaruhusiwi mpaka watimize masharti maalum, lakini kutoa maoni kuhusu mswada ni ruhusa ya yeyote.

Ukipewa kuongea utapata dakika moja au mbili. Usisome Katiba yote. Sema jina, mji, wilaya yako ya uchaguzi, halafu kifungu kimoja na maisha yako. Mfano HB 1163 uliosainiwa Mei 2025 na gavana Bob Ferguson, kuanzia tarehe 1 Mei 2027 mtu atahitaji kibali cha State Patrol (polisi wa jimbo) kabla ya kununua bunduki, alama za vidole, na mafunzo yenye kufyatua risasi kweli. Sasa mama anayetunza wazee usiku mzima Kent, hana gari, anataka bastola kwa sababu ex wake anamtishia, huyo atafika renji (uwanja wa kufyatulia) saa ngapi na atalipa na nini? Hiyo hoja ina uzito kuliko kupiga kelele za uhuru, na hakuna mtu wa kuileta pale isipokuwa sisi. Na heshima jamani, matusi yanaingia kwenye rekodi na yanatumika dhidi yetu.

Hatua ya 6: Wajue wabunge wako watatu

Kila wilaya kati ya 49 ina seneta mmoja na wawakilishi wawili. Weka anuani yako kwenye websaiti watatokea. Waandikie kabla ya kura, mistari mitano, kwa maneno yako mwenyewe, siyo ile barua ya kukopi.

Walioko majimbo mengine, ratiba ni tofauti kabisa. Texas wanakaa miaka ya witiri tu, siku 140, na 2021 waliruhusu kubeba bastola bila leseni kuanzia tarehe 1 Septemba. Colorado gavana Polis alisaini SB25-003, ya kubana ununuzi wa baadhi ya bunduki za semi-otomatiki, mwezi Aprili 2025 na tarehe ya kuanza ikawekwa 1 Agosti 2026. Tafuta kalenda ya kwenu kwanza, zingine zote hatua zinafanana.

Hatua ya 7: Ikipita, endelea

Angalia tarehe ya kuanza, halafu fuatilia mahakama. Sheria ya 2022 ya kuzuia kuuza magazini za zaidi ya risasi 10, jaji wa Cowlitz County Aprili 2024 alisema inavunja katiba, siku hiyo hiyo Mahakama ya Juu ya jimbo ikasimamisha uamuzi wake, na Mei 2025 ikasema sheria inasimama. Katikati hapo kuna waliosikia nusu ya kwanza tu ya habari.

Fuatilia na ofisi ya Secretary of State wa jimbo, inayosimamia uchaguzi, kwa sababu Washington sheria inaweza kuja kwa kura ya wananchi bila kupita bunge. I-594 (I ni initiative, pendekezo la wananchi) ya 2014 ya kukagua rekodi hata watu wakiuziana wenyewe kwa wenyewe ilikuja hivyo, na I-1639 ya 2018 iliyopandisha umri wa kununua bunduki ndefu za semi-otomatiki mpaka miaka 21 ilikuja hivyo hivyo. Huko hakuna kamati wala CON ya kubonyeza, kuna karatasi ya saini nje ya supamaketi ya Safeway, kwa hiyo kabla hujamsainia yule kijana mwenye klipubodi mwombe akuonyeshe maandishi kamili ya nyuma.