Vile ya kuangalia filamu za konsati darini, Kibokoni

Filamu ya konsati usiiangalie kwa simu bana, ni dhambi. Azima projekta, tundika shuka jeupe darini baada ya Isha, na spika iwe ya waya maana ya bluutuuthi yaweza kuchelewesha sauti, mdomo wa mwimbaji ukawa waenda kivyake.

Wakubwa pia walipatwa. Amazing Grace ya Aretha Franklin ilirekodiwa kanisani Los Angeles mwaka 1972, lakini hawakugonga ule ubao wa kulinganisha sauti na picha, ikakaa stoo wee mpaka 2018 ndo watu wakaiona. Anza na hiyo, taa zote zima.

Halafu Soul Power, ile shoo ya Kinshasa 1974, James Brown jasho tele na Miriam Makeba yumo, mie hapo sikai kitako. Stop Making Sense ya 1984, ya bendi ya Talking Heads, msiruke mwanzo, mwimbaji wao aingia peke yake na gitaa, bendi yaongezeka wimbo kwa wimbo.

Kina bibi wawekee As Old As My Tongue, ya Bi Kidude wa Unguja. Viazi karai agiza mapema.