Somo: Kutunza matairi ya gari, tuanze na upepo

Habari wadau. Tairi likipasuka njiani, tuseme kati ya Chalinze na Segera, utasikia "hilo lilikuwa feki". Mara nyingi lilikuwa na upepo mdogo tu. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka, kujikunja huko kunazaa joto, na joto ndilo linaloachanisha mpira na nyuzi za ndani. Ongeza abiria watano, mizigo, jua la saa nane na spidi ya 100, uone kama jina la kampuni litakusaidia.

Hatua ya 1: Jua kipimo cha gari lako. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo, kuna stika. Magari ya Japani huandika presha ya upepo kwa kPa, gawanya kwa 6.9 upate PSI, kipimo kinachotumika kwenye geji nyingi. Kwa mfano 230 kPa ni kama 33. Namba ya presha iliyoandikwa ubavuni mwa tairi achana nayo, ile ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, halijui limefungwa kwenye gari gani. Na yule fundi wa "weka 40 zote", iwe Vitz iwe Noah, mwambie asante, kisha mtajie namba yako.

Hatua ya 2: Pima likiwa baridi. Asubuhi kabla hujatoka, au gari likiwa limepumzika kwa muda wa saa tatu hivi. Tairi lililotembea husoma juu kwa PSI kadhaa. Ukilitoa upepo hapo ili lirudi 33, kesho asubuhi utalikuta chini ya kipimo. Nunua geji yako mwenyewe, za sheli zimeangushwa sana. Mara moja kwa mwezi inatosha, na kabla ya kila safari ndefu. Spea nayo ipimwe, maana huwa tunaikumbuka siku ya pancha.

Hatua ya 3: Soma uso wa tairi. Likiisha kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiisha katikati, ulizidi. Likiisha upande mmoja, kapime alaimenti (mwelekeo wa magurudumu). Ukilipapasa kwa kiganja ukahisi mabonde, angalia shokapu. Usukani ukitetemeka ukifika 80 na kuendelea, anza na balansi (usawa wa uzito wa gurudumu). Ndani ya mitaro kuna vituta vidogo vya mpira, ni alama ya milimita 1.6: kashata (meno ya tairi) zikishuka zikalingana navyo, hicho ni kipara. Mimi sisubiri hapo. Mvua za masika na tairi la milimita 2 kwenye lami haviendani, nabadilisha zikibaki 3.

Hatua ya 4: Angalia umri. Tafuta herufi DOT ubavuni mwa tairi, soma tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona, ziko ubavu wa ndani. Likipita miaka sita, likague mara kwa mara kama lina nyufa. Likifika kumi, litoe hata kama kashata zimejaa. Kwa wanunuzi wa mtumba, hii ndiyo ya kwanza kuangalia, kabla ya bei.

Kubadilishana matairi ya mbele na nyuma kila kilomita 10,000 kunatosha. Lenye mshale ubavuni libaki upande wake uleule.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, gari langu limetoka Japani mwezi uliopita, matairi yana kashata nzuri lakini yameandikwa STUDLESS. Niyaache?
Jibu: Hayo ni ya theluji, ndugu yangu. Mpira wake ni laini ili ushike kwenye baridi kali. Kwa joto la Dar unalika haraka, na kwenye mvua breki inachelewa kushika. Tafuta mengine mapema.

Swali: Kuna sheli wanajaza naitrojeni kwa hela. Ni muhimu?
Jibu: Hewa ya bure nayo ni naitrojeni kwa asilimia 78. Hiyo ya kulipia hupungua polepole kidogo tu. Hela hiyo nunulia geji.

Swali: Msumari umeingia ubavuni, fundi anasema anaweka kamba na kiraka.
Jibu: Hapana, dada. Kiraka ni cha sehemu inayokanyaga barabara. Ubavu unajikunja muda wote, kiraka hakitadumu. Tairi hilo limekwisha.

Swali: Nina hela ya matairi mawili tu, gari linavuta mbele. Mapya yakae mbele, si ndiyo?
Jibu: Weka nyuma. Najua mafundi wengi watabisha. Ya mbele yakiteleza kwenye maji unahisi kwenye usukani, unaachia mafuta, gari linarudi. Ya nyuma yakiteleza, gari linazunguka kabla hujajua kinachoendelea. Ila yale ya zamani unayohamishia mbele yasiwe vipara, maana ndiyo yatakayobeba breki na usukani. Kama yameshafika kwenye vituta, subiri kidogo ukamilishe hela ya manne.