Kabla Chanjo ya Puani Haijafika Ukerewe

Chanjo ya kupuliza puani ikitajwa Mwanza, swali la kwanza huwa kama sindano sasa ndiyo basi. La kuanza nalo ni jingine: inazuia nini hasa? Kumkinga mtu asilazwe ni jambo moja. Kumzuia asimwambukize aliyebanana naye kwenye meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, ni jambo la pili, na hilo ni gumu zaidi.

Tofauti hii tayari tunayo kwenye polio. Sindano humkinga mtoto asipooze, lakini kinga ya utumboni, ile inayopunguza virusi kuzaliana humo na kutoka na kinyesi, hujengwa zaidi na matone ya mdomoni. Virusi vya mafua na vya UVIKO-19 huingilia puani na kooni. Sindano ya mkononi hujaza kingamwili kwenye damu, ila kidogo tu hufika kwenye ute wa pua. Chanjo ya puani inalenga kuufanya utando wa pua wenyewe utengeneze kingamwili za aina ya IgA, zinazovinasa virusi kabla havijaingia kwenye seli.

Kwa maelezo hayo mtu anaweza kudhani kazi imekwisha. Haijaisha. FluMist, chanjo ya mafua ya kupuliza, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003, lakini kwa misimu ya 2016–17 na 2017–18 wataalamu wa huko walishauri isitumike, kwa sababu ilikinga watoto kwa kiwango hafifu dhidi ya H1N1, aina mojawapo ya virusi vya mafua. Baadaye ikarudishwa. Kwa UVIKO-19, mwaka 2022 India iliidhinisha iNCOVACC ya puani na China ikaidhinisha Convidecia Air, inayovutwa kwa mdomo. Mwaka huohuo jaribio la Oxford la kupulizia puani chanjo ya AstraZeneca lilitoa kinga dhaifu. Kwa hiyo ukiletewa habari njema, uliza: waliokaa nyumba moja na waliochanjwa walifuatiliwa, au walipimwa waliochanjwa peke yao?

Halafu jua nani haimfai. FluMist ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na Marekani hutolewa kwa watu wa miaka 2 hadi 49. Wajawazito hawapewi, wala mtoto anayetumia aspirini, wala mtu ambaye kinga yake imeshuka sana. Mtoto mdogo mwenye historia ya kubanwa kifua na kutoa mlio kama filimbi anapopumua anahitaji kuangaliwa kwanza. Ndiyo maana kadi ya kliniki na majina ya dawa anazotumia mtoto viwe mkononi siku hiyo, na pumu isifichwe kwa aibu. Pua ikiwa imeziba kabisa, ni afadhali kusubiri. Akipiga chafya baada ya kupulizwa, dozi hairudiwi.

Jokofu nalo lifikiriwe mapema. Chanjo hii hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 na haigandishwi. Tena kila dozi ya FluMist huja na kinyunyizi chake, hivyo hula nafasi zaidi kuliko kichupa cha dozi nyingi. Mjini hilo linavumilika. Kwa zahanati ya kisiwa cha Ukara, inayopokea chanjo kwa boti ndani ya boksi la baridi, mtu anapaswa kukaa na kupiga hesabu kabla ya kutangaza siku ya kampeni. Faida ipo pia: hakuna sindano zilizotumika za kuteketeza.

Uvumi utakuja, na soko la samaki la Mwaloni Kirumba halichelewi kuusambaza. Jibu lake liandaliwe kwa ukweli. Uswisi iliwahi kuwa na chanjo ya mafua ya puani ambayo iliondolewa sokoni baada ya msimu wa 2000–01, kwa kuwa baadhi ya waliopewa walipooza upande mmoja wa uso. Mtuhumiwa mkuu alikuwa kiamsha-kinga, yaani kiambato cha kuipa chanjo nguvu, kilichochanganywa humo, kilichotokana na sumu ya bakteria. FluMist haina kitu hicho. Mhudumu wa afya anayeijua habari hii atajibu bila kubabaika. Asiyeijua atakana, na akishakana ndipo mtu atamwonyesha kwenye simu.

Wakati tunasubiri, chanjo za surua na nimonia zipo kwenye ratiba ya watoto, bure. Mtoto aliyekosa dozi apelekwe kliniki wiki hii.