Samaki wa Tangi la Kioo Wanapopigana: Ushauri kwa Wafugaji wa Tanga

Wafugaji wa samaki wa mapambo wanalijua tatizo hili. Samaki wamenunuliwa wazima, wamekaa siku kadhaa kwa amani, kisha mmoja anawageukia wenzake. Asubuhi unamkuta samaki kajibanza kona ya juu ya maji, mapezi yamechanika, hata ukimwaga chakula hashuki. Dawa inanunuliwa, maji yanabadilishwa, na bado wanakufa. Ndugu mfugaji, kabla hujaenda dukani kutafuta dawa nyingine, angalia kwanza kama samaki wako wanagombea eneo.

Tunawazungumzia siklidi, ukoo wa sato na perege, ambao ndani yake wamo pia samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Huko ziwani dume wa aina nyingi hushika jiwe lake au shimo lake la mchanga, akalilinda, na majike humfuata hapo kutaga. Anayeshindwa huogelea akaenda zake. Kwenye tangi la futi tatu hana pa kwenda. Mshindi anaendelea kumwona, kwa hiyo anaendelea kumpiga.

Kaa mbele ya tangi uwatazame bila haraka. Madume wawili husimama ubavu kwa ubavu, wakatandaza mapezi, rangi zikakolea, kila mmoja akitikisa mkia kumsukumia mwenzake maji. Mmoja akikunja mapezi na rangi yake ikafifia, amesalimu amri. Wasipokubaliana hushikana midomo wakasukumana. Hayo ni ya kawaida, yaache. Cha kukutia wasiwasi ni mbabe anayemfuata hadi kona yule ambaye tayari amekunja mapezi. Hapo ujue maficho hayatoshi.

Dawa ya kwanza ni mpangilio wa mawe. Wengi huweka jiwe moja kubwa katikati kwa kuwa linapendeza, nalo linageuka nyumba ya dume mmoja, wengine wote wakawa wavamizi. Panga marundo matatu au manne yanayokaribia uso wa maji, ili aliye upande huu asimwone wa upande ule. Mapango yawe na matundu mawili, anayekimbizwa asinaswe ndani. Vipande vya vyungu na vya mabomba ya plastiki vinafaa pia. Sisi wa Tanga tuna bahati ya mawe ya chokaa, yale ya Amboni na Kiomoni: yanaongeza ugumu wa maji, yaani madini yaliyoyeyuka ndani yake, na samaki wa Tanganyika wamezoea maji magumu yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 8.5 na 9. Matumbawe hai ya baharini yaache yalipo, kwani ndiyo makazi ya samaki wanaowalisha wavuvi wetu. Jambo moja usilisahau: mawe yakae kwanza juu ya sakafu ya tangi, mchanga uje baadaye. Siklidi huchimba, na rundo lililosimama juu ya mchanga litaanguka siku moja lipasue kioo.

Idadi nayo ina kanuni zake, na zinatofautiana kwa aina. Trofeusi wa Tanganyika ukiwaweka watatu au wanne, mbabe huwamaliza mmoja mmoja. Weka kumi na wawili au zaidi kwenye tangi la futi nne au zaidi, kipigo kigawanyike asiwepo mnyonge mmoja wa kubeba yote. Wingi huo huchafua maji haraka, basi chujio liwe imara na sehemu ya maji ibadilishwe kila wiki. Julidokromisi, siklidi wengine wa Tanganyika, ni kinyume: jozi ikishaelewana, waondoe wengine.

Wapo wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, na mimi nawapendekeza kwa anayeanza na tangi dogo. Kila mmoja hushika gamba lake, akachota mchanga kwa mdomo na kulifukia hadi ubaki mlango tu. Magamba yazidi idadi ya samaki, la sivyo watanyang'anyana.

Ukileta samaki wapya, walete jioni, zaidi ya mmoja kwa pamoja. Walishe wenyeji washibe, vuruga mawe yote uyapange upya, zima taa, ndipo uwatie wageni. Wenyeji wakiamka hawana mipaka ya zamani ya kulinda, wote wanaanza sawa.

Mwenye sato wa mbegu, wa kuzalisha vifaranga, kwenye tangi la saruji naye ana lake hapa. Dume huchimba kiota na kukilinda, na jike huchukua mayai mdomoni bila kula vizuri hadi vifaranga wajitegemee. Weka dume mmoja kwa majike watatu, na jike mwenye mayai mdomoni apate mahali pa kumkwepa dume.

Samaki mkorofi aliyekushinda mpe mfugaji mwingine. Usimtupe mto Zigi wala mto Pangani. Bonde la Pangani lina perege wake wa asili, akiwemo perege wa Korogwe, na sato wageni wakiingia mtoni huzaana nao hadi mbegu ya asili ikapotea.