Namna ya Kupima Tamasha la Kantri Linapoalika Miziki Mingine

Orodha ya wasanii wa tamasha la Stagecoach inapotangazwa, mashabiki wa muziki wa kantri hawachelewi kubishana. Tamasha hilo hufanyika mwishoni mwa Aprili mjini Indio, California, kwenye viwanja vile vile vya polo vinavyotumiwa na tamasha la Coachella, na lilipoanza mwaka 2007 vinara wake walikuwa watu kama George Strait, Alan Jackson na Kenny Chesney. Mwaka 2025 vinara walikuwa Zach Bryan, Jelly Roll na Luke Combs, lakini ndani ya orodha hiyo hiyo walikuwamo Backstreet Boys na Lana Del Rey wa pop, Nelly na T-Pain wa hip-hop, na bendi ya roki ya Creed. Baadhi ya mashabiki huona kwamba kantri inafukuzwa nyumbani kwake. Wengine huona kwamba wageni huleta vijana ambao wasingekanyaga hapo kamwe. Mwongozo huu unamlenga shabiki anayetaka kufikia uamuzi wake mwenyewe, nami nausimamisha juu ya jambo moja: jina la mgeni kwenye bango halitoshi kutoa hukumu, kwa kuwa kinachopaswa kupimwa ni jukwaa alilopewa, saa aliyopewa, na anachokuja kukifanya hapo.

Anza kwa kuuliza tamasha liliahidi nini. MerleFest, iliyoanzishwa mwaka 1988 huko Wilkesboro, North Carolina, kwa kumbukumbu ya Merle Watson, ilipewa mwelekeo na baba yake, mpiga gitaa Doc Watson, kwamba ingebeba muziki wa asili wa milima ya Appalachia pamoja na mtindo mwingine wowote ambao wanamuziki wangependa kuupiga. Anayekwenda huko na kulalamika kwamba amesikia bluzi hana hoja. CMA Fest ya Nashville, tamasha la Chama cha Muziki wa Kantri (CMA) lililozaliwa mwaka 1972 kwa jina la Fan Fair, liliahidi kuwakutanisha wasanii na mashabiki wao ana kwa ana, na hadi leo wasanii hupiga humo bila malipo. Stagecoach, kwa upande wake, hujitangaza kuwa tamasha la muziki wa kantri la California, na kwa hiyo shabiki aliyenunua tiketi kwa tangazo hilo ana haki ya kudai kantri ya kutosha.

Kisha soma historia kabla ya kumwita mtu mgeni, maana hapa ndipo mashabiki wengi huteleza. Banjo ilitokana na ala za Waafrika wa Magharibi waliopelekwa Marekani utumwani, na lile gitaa lenye sauti kama ya kilio (steel guitar) linalotambulisha kantri lilitoka Hawaii. Mpiga harmonika Mweusi DeFord Bailey alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry, onyesho la kantri la redioni mjini Nashville ambalo liliishi miongo mingi bila kutaka dramu zionekane jukwaani. Muziki huo nao haukukaa kwao: mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki wa Afrika Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigi nchini Kenya wakimwimbia Chemirocha, yaani matamshi yao ya jina la mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers, waliyemsikia kwenye santuri. Sisi tuliokuzwa na Jim Reeves na Dolly Parton redioni tuliupokea muziki huu kutoka mbali, na nadhani hilo linatupa sababu ya ziada ya kutoharakisha kufunga mlango.

Hata hivyo, historia hiyo hiyo inaonyesha kwamba malalamiko si chuki wakati wote. Mwaka 1974 Chama cha Muziki wa Kantri kilimtunuku Olivia Newton-John, mwimbaji wa pop aliyekulia Australia, kuwa mwimbaji bora wa kike, na wasanii kadhaa wakakutana nyumbani kwa waimbaji wa kantri George Jones na Tammy Wynette wakaunda chama chao cha kujitetea. Walikuwa na hofu ya riziki: tuzo ni chache, nafasi za redioni zina kikomo, na kila inayokwenda kwa mtu wa nje hupungua kwa aliyeufanya muziki huo kuwa kazi yake ya maisha. Hoja ya nafasi ndiyo hoja nzito kuliko zote, na inaweza kuhesabiwa.

Kwa hiyo chukua ratiba, si bango. Tazama nani anafunga kila usiku kwenye jukwaa kuu na nani anapanda saa mbili kabla yake, kisha linganisha na ratiba za miaka iliyopita. Mwaka 2019, kwa mfano, DJ Diplo alipiga muziki wa dansi wa usiku kwenye hema la Palomino la Stagecoach baada ya jukwaa kuu kunyamaza, na mpangilio wa namna hiyo haumnyang'anyi mwimbaji yeyote wa kantri kitu, kwa sababu asiyeutaka anaweza kwenda kulala. Mambo hubadilika pale mgeni anapopewa saa ya machweo, uwanja ukiwa umejaa, huku mtunzi chipukizi wa kantri akisukumwa kwenye saa ya jua kali ambapo watu bado wako kwenye foleni ya magari. Hapo lalamika bila kusita, na utaje saa na jukwaa.

Hatua inayofuata ni kusikiliza mgeni amekuja na nini. Mwaka 2024 Post Malone, aliyepata umaarufu kwa hip-hop na pop, alipanda Stagecoach akaimba nyimbo za kantri za watu wengine na kuwaita jukwaani wakongwe wa kantri kama Dwight Yoakam. Wikendi hiyo hiyo Eric Church, mtu wa kantri asiye na shaka, alikuja na kwaya ya injili na kuzipa nafasi tenzi, na baadhi ya watazamaji wakaondoka kabla hajamaliza. Aliyetoka nje ya kantri alikuja kuiheshimu na akapokelewa; mwenye nyumba alibadilisha alichozoeleka nacho na akasusiwa. Jiulize basi kama unachokitetea ni kantri, au ni mazoea ya kusikia nyimbo unazozijua.

Jipime pia kwa swali ambalo wengi hulikwepa: je, ungesema hivyo hivyo kama mgeni angekuwa bendi ya roki ya wazungu? Wimbo wa rapa Mweusi Lil Nas X uliondolewa kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard mwaka 2019, na Beyoncé aliposhiriki tuzo za CMA mwaka 2016 pamoja na kundi la kantri la Dixie Chicks alishambuliwa vikali, ilhali wimbo alioimba ulikuwa wa kantri waziwazi. Rapa Mweusi Nelly alishirikiana na mwimbaji wa kantri Tim McGraw mwaka 2004 na kundi la kantri la Florida Georgia Line mwaka 2013, yaani ana historia kubwa zaidi na kantri kuliko Creed. Kama Creed, bendi ya wazungu, inapita bila maneno lakini Nelly anaulizwa hati za uraia, pingamizi hilo halihusu muziki, na shabiki mwaminifu hapaswi kulitia saini.

Ukishafika hapo, waandikie waandaaji moja kwa moja. Usimtukane msanii aliyealikwa, kwa kuwa hakujipangia saa. Omba kitu kinachotekelezeka: jukwaa moja libaki la fidla, banjo na gitaa la Hawaii siku zote za tamasha, au kila mgeni wa jukwaa kuu atanguliwe na msanii chipukizi wa kantri. Kumbuka kwamba tiketi huanza kuuzwa miezi mingi kabla ya ratiba ya saa kutolewa, hivyo tumia ratiba za miaka miwili au mitatu iliyopita kukadiria utakachokipata, na kama hesabu haikuridhishi, peleka fedha zako kwenye tamasha dogo ambalo tangazo lake na ratiba yake vinasema jambo moja.