Mbwa wa Boma Akibadilika Tabia, Mchunguze Mwili Kwanza

Wafugaji wengi wa Kisauni, Jomvu na Likoni hufuga mbwa wa kulinda mbuzi na kuku usiku. Hupewa makombo ya ugali, na hakumbukwi mpaka siku atakapomngurumia mtoto. Hapo hupigwa au hufungwa mnyororo mfupi. Mimi nasema acheni fimbo kwanza. Mbwa mpole akigeuka mkali, au mchangamfu akazubaa, mara nyingi anaumwa.

Mtazame kila jioni unapomlisha. Je, amekuja mbio kama kawaida yake? Anakubali kuguswa masikio na mgongo? Wenye kuchunga twahara na wasiotaka mate ya mbwa wavae glavu, au wamwachie kazi hiyo kijana anayemlisha.

Hapa Mombasa wa kushukiwa mwanzo ni kupe. Joto letu humfaa mwaka mzima, naye hujificha hata kwenye nyufa za kuta za banda. Homa anayoambukiza huanza kimyakimya: mbwa analala mchana kutwa, anaacha chakula, mgeni anapiga hodi bila kubwekewa. Inua mdomo wake utazame fizi. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, au damu ikimtoka puani, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Akiwahiwa, dawa ipo. Papasa ndani ya masikio na katikati ya vidole, ndiko kupe wanakopenda. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimmwagie kwa kukisia kipimo, na vidonge vya maumivu vya binadamu usimpe kabisa, vinaweza kumuua.

Anayetikisa kichwa na kuuma mkono unaomgusa huenda sikio limeoza. Linuse tu, utajua. Kati ya Januari na Machi, anayehema sana na kudondosha mate chini ya bati la moto amezidiwa na joto: mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, kisha mpigie daktari.

Kichaa cha mbwa ni habari nyingine, na hapo usimguse. Sauti hubadilika, taya hulegea, kumeza humshinda, au huuma chochote kilicho mbele yake. Wengine hawawi wakali, hupooza tu. Ukimwona kama aliyekwamwa na mfupa, usitie mkono kinywani. Mfungie mahali pamoja ukiweza kufanya hivyo kwa usalama, kisha iarifu ofisi ya mifugo ya kaunti. Mtu aliyeumwa na mbwa huyo, au aliyepata mate yake kwenye jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali mara moja. Asingoje kuona kama mbwa atakufa, maana dalili zikishamtokea mtu, ni nadra mno apone. Chanjo hutolewa mbwa akifika miezi 3, kisha kila mwaka.

Daktari akisema mwili mzima ni salama, tazama mnyororo. Mbwa aliyefungwa kutwa, watoto wakimtupia mawe, atauma tu. Zungushia ua, mfungue ndani yake, alishwe na mtu mmoja yule yule kwa saa ile ile, na watoto wakanywe wasimsogelee anapokula au kulala.